Mdomo wa Shemeji

Shemeji yangu anauza viatu vya mitumba katika soko la Kamembe, na sijawahi kumwona akikosa neno. Naanza na yeye kwa sababu hata nikianza na mimi mwenyewe, watu wataniuliza habari zake. Ndivyo ilivyo tangu alipovuka mpaka kutoka Bukavu na kumwoa dada yangu mkubwa.

Baba yangu ndiye aliyekuwa msemaji wa posa pale kwetu Giheke. Familia ikiwa na binti anayeposwa, ilimwita yeye asimame mbele ya wageni. Kisha ugonjwa wa koo ukamshika, akapasuliwa, na sauti iliyobaki ikawa ya kunong'ona tu. Mimi ni mwanawe wa kiume wa pekee. Nilijua siku moja atampa mtu fimbo yake ya usemaji, na nilitaka anipe mimi bila kusitasita.

Tatizo ni kwamba nikisimama mbele za watu magoti hulegea. Basi nilipomsikia mwanamke mmoja aliyewahi kufanya kazi redioni akifundisha wanaoanza kusema hadharani, kila Jumamosi, katika chumba juu ya duka la misumari, nilikwenda kujiandikisha. Sikumwambia mtu.

Nilijifunza kwa bidii. Simama kwa miguu yote miwili, usiegemee mmoja kama mtu aliyekuja kuomba moto kwa jirani. Toa sauti tumboni, si kooni. Mtazame mtu mmoja, kisha mwingine. Usiwachoshe watu kwa kuzunguka. Jambo lako liseme mwanzoni kabisa. Ukishalisema, nyamaza kidogo, liwaingie. Nilifanya mazoezi shambani mbele ya mibuni, na mibuni ilinisikiliza vizuri.

Jumamosi moja mvua ilimfukuza shemeji sokoni, akaniona napanda ngazi, akanifuata. Aliketi nyuma na karanga zake. Mwalimu alitutaka kila mmoja aeleze safari yake ya asubuhi. Mimi nilieleza yangu vizuri, kwa mpangilio, wakanipigia makofi ya heshima. Kisha shemeji akasimama, karanga mkononi, mguu mmoja juu ya kiti, akasimulia habari za mteja aliyelazimisha kununua viatu viwili vya kushoto. Darasa zima lilicheka. Mwalimu alifuta machozi, akasema, "Hakusimama vizuri, na ameshika karanga muda wote. Msifanye hivyo." Halafu akamwuliza kama atarudi Jumamosi ijayo.

Hakurudi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakuona haja.

Dada yetu mdogo alipopata mchumba wa Bukavu, wazee wa ukoo walikutana kwetu, na karibu wote walimtaja shemeji. Walisema wageni ni watu wa ng'ambo, Kiswahili chao ni chake. Nikawauliza, tangu lini mkwe akalinda lango ambapo juzi tu alikuja kubisha hodi mwenyewe? Baba akanisogezea fimbo. Shemeji, akaamua, angeketi karibu nami kunisaidia. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, lakini fimbo nilikuwa nayo.

Siku ya posa hema lilijaa. Upande wao ulisemewa na mzee mwenye kofia ya manyoya, ambaye bila shaka alikuwa amejiandaa kwa maneno ya nusu siku. Kwetu posa ndivyo inavyokwenda: wageni hujifanya wanapita tu, wenyeji hujifanya hawajui kilichowaleta. Mnakataa, mnawatania, mnawaambia wamepotea njia, mpaka waombe kweli na kutaja ng'ombe. Nilikuwa nimemsikia baba akifanya hivyo tangu utoto.

Mzee akaanza. "Sisi tulikuwa tunapita, tukasikia kwenu kunanukia muzuri. Tukasema tuingie, tubasalimie."

Nikasimama. Miguu miwili. Magoti hayakulegea hata kidogo! Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikamtazama mtu mmoja, kisha mwingine, na jambo langu nikalisema mwanzoni kabisa, kama nilivyofundishwa.

"Karibuni, wageni wetu. Tunajua mmekuja kumposa dada yetu. Kijana wenu tunamfahamu, ni mtu mwema. Tumekubali."

Kisha nikanyamaza, liwaingie.

Liliwaingia. Mzee alibaki mdomo wazi. Shangazi yangu alijishika kichwa. Dada mwenyewe, aliyekuwa amefichwa ndani akisubiri kuitwa saa nyingi baadaye, alichungulia mlangoni kuona kama harusi imekwisha. Hakuna aliyekuwa ametaja hata ndama.

Shemeji akainuka taratibu, akipangusa maganda ya karanga kwenye suruali.

"Mzee, usifurahi mbio," akasema. "Huyu shemeji yangu anasoma masomo ya kusema mbele ya batu, na leo njo alikuwa anafanya mutihani. Tumemupa alama zote. Sasa tuanze. Ninyi ni ba nani, na munatafuta nini kwetu?"

Hema lilipasuka kwa kicheko. Mzee alivua kofia, akampungia kama mtu aliyerudishiwa mali yake, na mchezo ukaanza upya. Nilikaa chini. Nilitamani ashindwe, nasema kweli, nilitamani akwame hata kwenye neno moja tu. Hakukwama. Alibishana mpaka jua likageuka, na ng'ombe walipotajwa walikuwa wanono.

Nikamtazama baba. Mabega yalimtikisika na machozi yakamtoka, anacheka bila sauti. Tangu apasuliwe sikuwa nimemwona akicheka. Nilikuwa nimepanda zile ngazi za duka la misumari Jumamosi zote ili nipate uso ule, na sasa ulikuwa umegeukia kiti cha pili, cha shemeji.

Wageni walipoanza kula, baba aliniashiria niiname. Kunena kulimchosha, hivyo kila neno la Kiswahili chetu cha mpakani alilichagua.

"Ulisema muzuri, mutoto wangu," akaninong'oneza. "Batu bote balisikia."

Nilingoja. Akanishika mkono uliokuwa bado na fimbo.

"Sasa uniitie shemeji yako. Aje aikale hapa karibu."

Shemeji alikuwa mbali, upande wa pili wa hema, amezungukwa na watu wa Bukavu. Nikasimama kwa miguu yote miwili, nikamwita. Kwa sauti kubwa, kutoka tumboni, kama nilivyofundishwa.