Maji ya Mihogo Kwenye Tangi la Samaki

Tangi lilikuwa na urefu wa hatua sita na kina cha kunifika kiunoni, na nililijenga kwa kiburi zaidi kuliko kwa njaa. Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa Baiolojia Titye, wilayani Kasulu. Mimi ni mtu wa Bukoba, nimelelewa kwa ndizi na samaki wa ziwani, na nilikuwa nimechoshwa na dagaa wakavu wa sokoni. Nikatangaza ofisini kwamba nitafuga perege uani kwangu. Walimu wenzangu wakacheka, na mimi ukitaka nifanye jambo, nicheke.

Nilichimba nusu ya kina, nusu nyingine nikaipandisha kwa mabanzi yaliyopigiliwa kwenye nguzo za mikaratusi. Mpira mweusi wa kutandika ndani niliuagiza Kigoma mjini, ukaja umeviringishwa juu ya keria ya basi. Aliyenisaidia kuutandika ni jirani yangu, mama mjane aliyeishi peke yake na kuuza unga wa muhogo. Tuliingia shimoni peku, tukapapasa kwa nyayo kutafuta vijiwe ambavyo vingeutoboa mpira, tukatandaza viroba vikuukuu, ndipo tukaushusha. Pembe zilinishinda. Yeye akazikunja mikunjo mipana, akaibana kwa mbao, na pembe zake hazikuvuja hata tone. Maji tuliyapandisha kutoka chemchemi, mimi kwa madumu na baiskeli, yeye kichwani. Ilituchukua siku tisa.

Kiangazi kilikuwa kikali. Kijito ambako wanawake walilowekea mihogo kilikuwa kimebaki tope, na mihogo ya kule ni michungu, lazima ikae majini siku kadhaa ndipo ianikwe na kutwangwa. Mama akaniomba, kwa haya, aloweke vikapu viwili kwenye tangi kabla samaki hawajafika. Nikamwambia karibu mama, maji umeyabeba mwenyewe.

Siku ya nne akaitoa mihogo, akaja mlangoni kwangu akijifuta mikono.

"Mwana wanje, haya maji uyamwage yote. Usibakize. Na mpira uusugue."

"Yote, mama?"

"Yote. Sumu ya mihogo imo humo. Kuku akiyanywa anakufa. Nikitoka shamba nitakusaidia kuteka mengine."

Alipoondoka nikasimama kando ya tangi nikiyatazama. Siku tisa za mgongo wangu zilikuwa mle ndani. Nikajiambia, huyu mama anajua nini, maji mengi namna hii yatapunguza makali, na aliyesomea mambo ya viumbe hapa ni mimi. Nikayamwaga mpaka yakabaki usawa wa magoti, nikajazia mapya juu yake. Mpira sikuusugua. Jumamosi nikaenda kwa pikipiki mpaka Kagerankanda, kwenye mabwawa ya mkulima mmoja, nikarudi na vifaranga vya perege kwenye madumu yaliyokatwa juu.

Jumapili asubuhi vyote vilikuwa vimeelea, matumbo juu.

Watu waliotoka kanisani wakapita kutazama. Mwalimu mwenzangu mmoja akauliza kama huko Bukoba samaki hulala chali. Kicheko kikapanda, nami nikapandwa na hasira, na mama alikuwa amesimama palepale, karibu na pembe alizozikunja.

"Muulizeni huyu mama," nikasema kwa sauti. "Mihogo yake ndiyo imetia sumu humu."

Akachovya vidole majini, akavinusa. Kisha akanitazama. Alijua kabisa kwamba sikuyamwaga yote.

"Unisamehe, mwalimu," akasema, akaondoka. Kabla ya siku ile hakuwahi kuniita mwalimu; nilikuwa mwana wanje, mwanangu.

Angesema mtu mwingine, wangebishana naye. Lakini mwalimu wa Baiolojia ndiye aliyesema. Haukupita mwezi, wanawake waliokuwa wakinunua unga wake wakahamia kwa wengine, maana mihogo iliyoua samaki itawafanya nini watoto? Kinu chake, nilichozoea kukisikia kila asubuhi, kikanyamaza. Nikawa namwona akienda kupalilia mashamba ya watu, kwa umri ule. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na niliiahirisha. Nitasema kesho, nitasema mitihani ikiisha. Naona aibu mpaka leo. Samaki sikufuga tena, na mvua ziliposhuka tangi likajaa vyura.

Mwaka 2015 nikahamishwa. Siku ya kuondoka walimu na majirani walikusanyika uani, chai ikichemka kwenye mafiga, gari likipakiwa. Mama akaja na unga wa muhogo kwenye kitambaa kilichofungwa fundo.

"Wa njiani," akasema.

Watu wakautazama ule unga. Mwanamke mmoja akaguna. Moto ulikuwepo, maji ya moto yalikuwepo, sufuria ilikuwepo. Ningeomba mwiko, nikasonga ugali palepale na kuula mbele yao wote, ingetosha, hata bila neno. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikausukuma unga chini kabisa ya begi.

Niliusonga Bukoba, jikoni kwa mama yangu mzazi. Ulikuwa ugali mweupe, mlaini, hauna uchungu wowote. Niliumaliza wote, kule ambako hakuna hata mtu mmoja aliyehitaji kuniona nikiula.