Kurasa Mbili, Siyo Tano

Kwetu Minago, hapa Burundi, mtu akisimama kwenye sherehe kutoa shukrani, hashukuru nusu. Anaanza na Mungu, anakuja kwa wazazi, mashangazi, wajomba, jirani aliyeazima viti, mpaka yule aliyechota maji. Ukimruka mmoja, atakula chakula chako huku amenuna, na siku nyingine usimwite.

Mjukuu wangu wa kike aliandika CV yake namna hiyo hiyo. Alikuwa amemaliza masomo ya kusimamia stoo na hesabu, akafanya staji, yaani kazi ya mafunzo, kwenye depo ya dawa Bujumbura, kisha akarudi kwangu kutafuta kazi. Sisi tukakaa pembeni yake tukimkumbusha majina. Mjomba wake akasema, "Baiskeli yangu ndiyo ilikupeleka shule. Andika baiskeli." Jirani yetu fundi cherehani, mama aliyetoka Kongo, alitaka iandikwe kwamba ndiye aliyemfundisha kushona. Muzee wa kanisa alitaka kwaya. Na mimi nilitaka mawese, maana huyu mtoto amekoroga mapipa yangu tangu akiwa mdogo. Zikafika kurasa tano. Tukaziona nzuri, nzito mkononi.

Alizipeleka mahali pawili. Kimya. Wala "hapana" hawakumjibu.

Halafu kituo cha afya upande wa Gatete kikatafuta mtu wa kutunza stoki ya dawa. Kazi ile ile aliyoisomea, na nyumbani unarudi kila jioni. Mwisho wa kupeleka karatasi ulikuwa Ijumaa. Jumatatu nikamkuta amekaa kwenye mkeka, kurasa zote tano amezitandaza kama dagaa juani, ana kalamu nyekundu.

"Unafanya nini?"

"Ninapunguza, Bibi. Anayesoma ana rundo mbele yake. Ukurasa wa kwanza anakuta kwaya na baiskeli. Kazi yangu ya dawa iko ukurasa wa ine. Atafika huko saa ngapi?"

"Mtu mwenye adabu anasoma mpaka mwisho."

"Bibi, wewe mgeni akiongea sana unaenda kuangalia moto."

Nilikwenda kuangalia moto.

Niliporudi alikuwa amebakiza kurasa mbili. Kazi ya dawa imepanda juu kabisa, chini yake shule. Mimi nikaona kama ni kukata, basi tukate. Nikamwambia, "Kama wanachoka, kwa nini isiwe moja?"

Akasema alijaribu. Kwenye ukurasa mmoja ilibidi atoe shule aliyosoma kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na pale alipofundisha watoto wadogo wa kambi kuhesabu. "Nikiitoa, inabaki shimo la miaka. Wataniuliza nilikuwa wapi. Na mimi sikuwa nimelala, Bibi, nilikuwa ninasoma." Basi mbili. Siyo tano kwa ajili yetu, siyo moja kwa kuogopa rundo. Alipima mwenyewe na akajua kwa nini.

Hilo peke yake lingenitosha. Lakini alifanya lingine, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Angeweza kuipeleka kimya kimya. Nani kati yetu angeiona? Badala yake, Jumatano alivaa kitenge akatoka nyumba kwa nyumba kumwambia kila mmoja usoni kwamba ametolewa. Nilimfuata, maana nilijua kutakuwa na maneno.

Fundi cherehani aliishika karatasi, akaigeuza nyuma na mbele. "Aah, mutoto yangu! Sasa mimi niko wapi mu hii karatasi?"

"Haumo, mama. Kushona siyo kazi ninayoomba. Nimekuja nikuambie mwenyewe, usisikie kwa watu."

Mama akapiga ulimi. Akamtazama toka kichwani mpaka miguuni. "Basi siku watakuita, usiende na ile robe yako ya kijani. Inakaa vibaya mabegani. Lete kitambaa."

Muzee wa kanisa alisema ataomba hata kama hajaandikwa. Mjomba ndiye alikuwa mgumu.

"Hata baiskeli haimo?"

"Haimo, mjomba."

"Hata kwa kifupi?"

"Hata kwa kifupi."

Alitingisha kichwa. "Huyu amefanana na nyanya yake," akasema, na hakuwa ananisifu.

Njiani kurudi nikamuuliza kuhusu mapipa yangu. Akasimama barabarani, pikipiki zinapita. "Na mawese nimetoa, Bibi. Wewe nilikuacha wa mwisho kwa sababu ndiye ninayemuogopa." Nikamwambia atembee, jua linazama. Sikutaka aone uso wangu.

Ijumaa asubuhi, baiskeli ileile ilimpeleka Gatete, mjomba akiwa kwenye usukani. Baada ya siku chache wakamwita. Alikwenda amevaa robe mpya, mabega yamekaa sawa. Alituambia kwamba walimuuliza dawa zinazoharibika mapema zinapangwa vipi, na katika kambi alifundisha watoto wangapi darasa moja. Vyote walivikuta kwenye karatasi. Kazi akapewa.

Kwa mshahara wa kwanza alipika wali na samaki, akatuita wote. Akasimama uani kushukuru. Akaanza na Mungu, akaja kwa mama wa Kongo na sindano yake, kwa muzee wa kanisa, kwa mjomba, na baiskeli akaitaja mara mbili mpaka watu wakapiga vigelegele. Mapipa yangu akayaeleza toka kuchemsha ngazi za mchikichi mpaka kuengua mafuta. Wali ukapoa. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba msichana anaongea sana.

Nikageuka nikamwambia anyamaze, mtoto hajamaliza.