Wazee wa Mti Mezani

Kabla watu hawajavunjana taya juu ya meza yake, Elkanah Omwenga alijulikana Migori kwa vitanda. Alishuka kutoka milima ya Kisii mwaka mmoja kabla ya Uhuru, akiwa na tezo ya kuchongea mbao, misumeno na mkewe Nyanchama, akapanga chumba karibu na soko. Vitanda vilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye meza ya mpira aliyoitengeneza kwa mvule baada ya kuona moja katika ukumbi wa misheni. Vyuma vilipita ubavuni mwa meza, kila chuma kimebeba watu wa mti wa kuupiga mpira, na vijana waliviviringisha mpaka viganja vikachubuka.

Ndipo Cephas, mwenye baa ya ng'ambo ya barabara, alipoleta mashine kutoka Kisumu. Ilikuwa sanduku la kioo lenye taa za rangi na kengele, na ndani yake goroli ya chuma ilirushwa kwa springi ikagongagonga huku na huku. Betri ya lori iliiwasha. Kiooni alichorwa mwanamke juu ya pikipiki, nywele zikiwaka na kuzimika. Chumba cha Elkanah kikabaki kitupu.

Mji ukagawanyika. Fanuel, Mjaluo fundi wa baiskeli, alishikilia kwamba enzi ya mti imekwisha na chombo kisicho na taa hakina mbele. Maroa, Mkuria muuza nyama, alimjibu kuwa taa si mchezo, goroli huenda inakotaka yenyewe, na anayetamani picha ya mwanamke akaoe. Ubishi ulianza kwa kicheko ukaishia mtaroni. Walitenganishwa wakiwa wamekabana makoo, mmoja shati limechanika, mwingine damu puani. Cephas alitazama mlangoni pake akitabasamu. Kwake kila ngumi ilikuwa tangazo la bure, na ndivyo walivyo wafanyabiashara wa aina yake: huuza hata jeraha la jirani.

Kilichomuuma Elkanah ni yule mwanamke wa kioo. Watu wake wa mti walikuwa vigogo tu, hawana sura. Basi akaketi na patasi ndogo kuwapa nyuso. Wakisii wenzake hakuwachonga, kwani aliona aibu kujisifu katika nchi ya watu. Timu moja akaifanya wazee wa Kijaluo, vinywa wazi, meno ya mbele ya chini hayapo, kama yalivyong'olewa katika ujana wao. Timu ya pili akaifanya wazee wa Kikuria, ndewe za masikio zimevutwa zikaning'inia karibu na mabega. Aliamini amewaheshimu wenyeji wote wawili kwa kipimo kimoja.

Nyanchama alizigeuza sanamu hizo mkononi. "Baba Gesare," akamwambia mumewe, "ulikuwa na timu mbili za mpira. Sasa una nini?"

Akamwambia ana picha itakayokishinda kioo.

Na kweli ilikishinda. Siku ya soko watu walijaa hadi barabarani, wakicheka kwa kuwatambua baba zao. Mzee mmoja alisema kipa wa Kikuria ni marehemu Mirumbe, baba yake Maroa, alivyokuwa kabisa, na tangu hapo Maroa hakumruhusu mtu mwingine kushika chuma hicho. Hata Fanuel alirudi. Taa za Cephas ziliwaka peke yake, na Elkanah akatembea kama mtu aliyepewa mji.

Lakini hakuna tena aliyechagua upande kwa sababu ya ulaini wa vyuma. Mjaluo alisimama kwenye mapengo, Mkuria kwenye masikio, na kila goli likawa tusi. Sisi tuliojitangaza taifa moja juzi tu tulikuwa tukikunjiana ngumi juu ya vipande vya mvule! Cephas akavuka barabara, akamnong'oneza Fanuel kwamba fundi amepaka grisi vyuma vya masikio peke yake. Ulikuwa uongo. Fanuel aliuamini, kwa kuwa alikuwa anashindwa.

Maroa alipofunga goli la mwisho aliinama juu ya meza. "Omera, ndugu yangu, wazee wako watauma mpira na nini? Meno hawana."

Fanuel alichomoa chuma kizima, wazee wakiwa bado juu yake, akampiga nacho mdomoni. Taya lilialika kama kuni kavu. Maroa alianguka, akatema damu na meno, akainuka na kisu cha buchani. Mabenchi yakaruka. Nje mawe yalianza kunyesha juu ya mabati. Elkanah alijitupa katikati, chupa ikampasukia kisogoni, akapiga magoti.

Alipoona tena, Fanuel alikuwa amelazwa chali mezani, goti la Maroa kifuani pake. Fanuel alikuwa ameyashika makali ya kisu kwa kiganja kitupu, na damu yake iliteremka uwanjani hadi golini. Kisu kilikuwa kinashuka. Elkanah aliuvuta mkono wa Maroa, haukusogea.

Akachukua tezo. Waliokuwa mlangoni walidhani anamwua Maroa. Badala yake alimkata kichwa mzee mmoja wa mti mwenye masikio, kikaruka, kisha mzee wa mapengo. Kisha akainua tezo juu ya kipa mwenye sura ya Mirumbe.

"Huyo usimguse," Maroa alisema kwa mdomo uliojaa damu.

Tezo ikaanza kushuka. Maroa akaachia kisu, akamfunika kipa kwa mikono yote miwili. Elkanah aliigeuza tezo sekunde ya mwisho, ikazama kwenye ukingo wa meza. Fanuel akateleza hadi sakafuni, wenzake wakamburuta nje, yu hai.

Chumba kikatulia. Nyanchama alisimama juu ya misumari na vigae vya chupa.

"Usibakize hata mmoja," alimwambia mumewe. "Ukibakiza, kesho watakuja kumdai."

Elkanah aling'oa tezo. Aliwakata waliosalia, wa timu zote mbili, mpaka akamfikia yule wa mwisho.

"Ondoa mikono, Maroa."

Maroa aliutazama uso ule kwa muda mrefu, damu ikiudondokea. Kisha akaondoa mikono.