Mama Yake Zaina Alikuwa "He"

Enzi zetu (nasema "enzi" ingawa nimemaliza chuo Mzumbe juzi tu, na sina hakika kama nina haki ya neno hilo) mitumba ilikuwa imeanza kujaa mtaani kwetu Mwembesongo, na shule za Kiingereza zilikuwa zinaota kila mtaa. Sisi tulisoma ile ya zamani, ya Kiswahili. Tulikula mihogo ya kukaanga yenye pilipili hadi masikio yakawaka, kisha tukaingia darasani kuimba "Good morning, teacher" kwa sauti ya watu wasiojua wanasema nini.

Rafiki yangu Zaina alishuka kutoka milimani Uluguru akiwa darasa la tatu. Kwao walisema Kiluguru. Kiswahili cha mjini alikidaka kwa wiki chache, kwa masikio tu. Bibi yake akimtuma vitu tisa sokoni, alivileta vyote bila kuandika. Mimi nilisahau hata nikitumwa kimoja, maana njia nzima nilikuwa nawaza kama nimekisikia sawasawa.

Darasa la tano, shule moja mpya ya Kiingereza ikatoa nafasi kwa mtoto mmoja atakayeeleza vizuri kuliko wote, kwa Kiingereza, mama yake ni mtu gani. Zaina aliitaka kuliko kitu chochote. Alifanya mazoezi mbele yangu tukichota maji: "My mother he is a farmer. He cooks ugali."

Kwetu baba ni "yeye" na mama ni "yeye". Kiingereza kinawatenganisha, mama ni "she". Nililijua hilo. Lakini nikimwambia, si atasema najidai? Na kama mimi ndiye niliyekosea? Na je, kunyamaza kwangu hakutokani na kuitaka nafasi ile? Niliwaza siku tatu. Ya nne, kengele ya shindano ikagongwa kabla sijaamua.

Zaina alitoa sentensi ishirini bila kukwama. Darasa likaangua kicheko. "Zaina, mama yako ana ndevu?" Mwalimu akasema, "Kaa chini, kichwa kigumu wewe." Mimi nilitoa sentensi nne, nikisita kabla ya kila "she". Nafasi nikapewa mimi.

Siku hizi watoto wa mjini wanajua "hello" kabla ya shikamoo, na ukiwatuma chumvi wanataka uwaandikie meseji. Hakuna anayemcheka mwenzake kwa "he". Labda ni afadhali, sijui.

Mwezi uliopita nilimkuta Zaina sokoni akiwauzia karoti Wazungu waliotoka kupanda mlima. Akamwonyesha mama yake aliyeketi pembeni: "He is my mother!" Wakacheka, wakaongeza fungu la pili. Walipoondoka nikamwambia, hatimaye, kwamba ni "she".

"Najua, shoga. Tangu siku ile ya ndevu. Ila 'he' inauza." Akaniangalia. "Wewe ulijua lini?"

Nikaanza kupanga jibu.

"Fikiria tu," akasema, akinifungia karoti. "Enzi zile kulikuwa na kengele. Leo haipo."