Vizibo vya Klachi

Siku niliyoanza kazi katika karakana ya serikali, Mwanza, Fundi Mkuu hakunipa spana, alinipa tambara. Alikuwa Singasinga mwenye ndevu ndefu, asiyeweza kumvumilia fundi mvivu hata kidogo. "Masanja," aliniambia, "futa pikipiki ya Bwana Shamba mpaka uijue kila nati. Spana baadaye." Nilifuta miezi mitatu.

Bwana Shamba ndiye Mwingereza aliyekagua pamba ya wakulima. Pikipiki yake ilikuwa ya safari ndefu, yenye silinda mbili na kigari cha abiria ubavuni, na tayari ilikuwa imekula miaka. Oili yake ilisukumwa kwa mkono: kila baada ya mwendo fulani mpandaji alibonyeza pampu, kisha akageuka kutazama moshi. Ukiwa mwembamba wa buluu, mambo sawa. Usipouona, injini ina kiu. Masika, udongo mweusi wa mbugani ulijaa kwenye madigadi hadi magurudumu yakagoma, nami niliuchokoa kwa kijiti. Hatimaye nikawa fundi wake, na hakuna aliyeigusa bila ruhusa yangu. Nilikuwa naringa, sioni haya kusema.

Maringo hayo ndiyo yaliyoniponza. Ilikuwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na vipuri kutoka Ulaya vilikuwa vimekatika. Nikiiandaa kwa safari, niliifungua klachi, yaani sehemu inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Sahani zake zilipachikwa vipande vya gamba laini la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, na vilitakiwa kukaa ndani ya oili. Mimi nikaiona oili ile nyeusi nikaudhika. Nikaosha kila kitu kwa petroli mpaka kikang'aa, nikafunga kikavu.

Tulivuka ziwa kwa mashua hadi Kamanga, Bwana Shamba akiendesha, mimi kigarini. Kwenye mlima wa kwanza injini ilinguruma, harufu ya kuungua ikatoka, pikipiki ikasimama. Wavuvi walitusaidia kuisukuma kurudi ufukweni huku wakicheka.

"Bwana Shamba, nunua punda!" mmoja alipiga kelele.

Bwana Shamba akawa mwekundu. "Imezeeka," aliniambia. "Jumatatu naandika barua itupwe."

Ningeweza kunyamaza, na uzee ungebeba lawama yangu. Nikikiri, ningeweza kufukuzwa kazi. Tulipokuwa tukivuka kurudi Mwanza, niliona aibu kuiangalia pikipiki ile. Tulipofika karakana nilimweleza Fundi Mkuu.

"Umeosha klachi kwa petroli? Kwa nini?"

"Nilitaka iwe safi, Bwana Fundi."

"Safi! Ile ni sufuria ya mama yako?" Alishika ndevu. "Nenda kamwambie mwenyewe."

Nikaenda, nikamweleza. Bwana Shamba alinisikiliza hadi mwisho.

"Kama ungenyamaza nisingejua. Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu pikipiki haina kosa, Bwana."

"Basi una mpaka Jumatatu kuitengeneza."

Dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, Mhaya mmoja mkarimu, alinipa vizibo vya chupa za dawa, mfuko mzima. Nilivikata kwa wembe, nikavichemsha vikalainika, nikavishindilia kwenye matundu ya sahani, nikavisawazisha kwa msasa. Kisha nikavilaza ndani ya oili siku nzima. Jumatatu Bwana Shamba alikuja, akaingia kigarini.

"Endesha wewe," alisema.

Sikuwahi kuruhusiwa kuiendesha mkubwa akiwa kigarini. Niliupanda mlima wa mawe juu ya Igogo, nikaachia klachi taratibu, nayo ikashika. Tulifika juu moshi wa buluu ukitufuata, nami nikapiga honi bila sababu yoyote.

Alipohamishwa, Bwana Shamba aliniandikia barua ya sifa. Haikutaja vizibo wala mlima. Ilisema: "Mtu huyu aliniambia kosa lake kabla sijamuuliza." Niliwahudumia Mabwana Shamba wengine watatu kwa barua ile.

Nilipostaafu, pikipiki nayo ilifutwa kazini. Niliiomba nikapewa, na sasa iko nyumbani kwangu Buswelu. Vijana wanaokuja kuitazama huniuliza mbona naing'arisha yote nikaiacha klachi na uchafu wake. Huwatolea barua, wakaisoma wenyewe, kisha naiwasha pikipiki.