Mapigo Ishirini na Mawili

Harm Ehlers, mpiga kengele wa kijiji cha Oldensen, hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi simlaumu hata kidogo. Mwaka 1866 mwanawe Cord alivaa sare ya mfalme wa Hanova akaenda Langensalza kupigana na Waprusi. Na watu wa Hanova wakashinda! Siku mbili baadaye wakazingirwa, wakubwa wakatia saini ya kusalimu amri, ushindi ukawa si kitu. Nchi ikamezwa na Prusia, mfalme akakimbia, Cord akazikwa huko huko. Mprusi aliyeletwa kuwa mkuu wa wilaya akakataza hata kengele ya msiba. Adui, alisema, hapigiwi kengele.

Harm akameza machungu, akakilea kinyongo chake miaka minne na nusu.

Januari 1871 mkuu yuleyule akaja mbio, uso umemwiva kwa furaha. Huko Ufaransa, katikati ya vita, wafalme wa Kijerumani walikuwa wamekubaliana: mfalme wa Prusia sasa ni kaisari wa wote.

"Piga kengele, mzee! Leo sote ni ndugu."

"Nitapiga, bwana mkubwa. Wewe simama tu hapo uwanjani usikie."

Pale Oldensen, mwanamume akifa hupigiwa mapigo matatu, mara tatu, kisha pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake. Kila mtoto pale anajua. Mkuu wa wilaya, mtu wa Berlin, hakujua.

Harm akapanda mnarani, akavuta kamba. Chini wanaume wakavua kofia. Mkuu akadhani wanamheshimu kaisari, naye akavua yake, akasimama wima, machozi yakimlengalenga. Harm alichungulia dirishani akacheka hadi mbavu zikamuuma. Akahesabu mpaka ishirini na mbili, umri wa Cord.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa jirani yake Beke, anahema, kichwa wazi. Mwanawe alikuwa Ufaransa, amevalishwa sare ya Kiprusi, naye ana miaka ishirini na miwili.

"Baba Cord! Ni Tönnies wangu? Sema!"

Harm akaiachia kamba. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Si Tönnies, mama. Ni Cord."

Beke akamzaba kofi. Kisha akaegemea ukuta akalia mpaka pumzi ikamrudia, akatazama dirishani.

"Ungeniambia mapema," akasema, akishika kamba. "Bado hajavaa kofia yule Mprusi. Anza upya."