Bi Spana Hakabidhi Kitu

Bi Spana! Jina hilo alipewa kwa kejeli na shemeji yake, aliyekuwa akisema mwanamke na spana wapi na wapi. Leo shemeji huyohuyo anajigamba nalo kwa wageni. Miaka sita mama huyu ameitunza pampu ya maji ya mtaa mzima. Ameilalia kifudifudi, amebadilisha mipira yake ya ndani, amejipaka grisi mpaka kwenye nyusi.

Kilichomchefua ni neno moja: mradi. Pampu ikikwama, watu hukunja mikono. "Tuwangoje watu wa mradi." Lo! Watu wa mradi wanakaa mbali huko, na watoto wanataka kuoga leo.

Basi siku moja afisa wa shirika lenye mradi akaja na fomu, akaikuta foleni ya maji pale kwenye pampu. Mradi umefungwa, akasema kwa upole, na vifaa vyote vinarudi stoo. Bi Spana alipandwa na hasira, maana bila spana pampu ile ingebaki chuma cha kuanikia nguo.

"Mwanangu, miaka sita mmetuimbia kujitegemea, leo mnabeba spana?"

"Si mimi, mama. Ni utaratibu."

"Haya. Sanduku lile pale."

Afisa akalifungua. Tupu! Hata nati haimo.

"Spana ziko wapi?"

"Kwa wenyewe."

Kumbe tangu aliposikia fununu kuwa mradi utafungwa, mwaka mzima uliopita, alikuwa akifundisha wanawake wa foleni kila Jumamosi. Aliyeweza kuifunga pampu isivuje alikwenda nyumbani na spana moja. Walifuzu kumi na mmoja, na spana ya kumi na mbili akabaki nayo mwenyewe. Kila spana ina saizi yake, kwa hiyo sasa pampu haifunguki mpaka wakutane wote.

"Kapige hodi nyumba kwa nyumba," akamwambia. "Ila nyumba ya tatu ujipange, yule bibi ana mdomo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Afisa naye akacheka bila kupenda, akamnyooshea fomu. Chini palikuwa pameandikwa: Sahihi ya mnufaika.

"Mnufaika ndiye nani?" Bi Spana akachukua kalamu, akalikata neno lile kwa mstari mnene, akaandika juu yake: Mwenye pampu. Akasaini, kisha akaita, "Jamani, njooni msaini!"

"Mama, nafasi ni ya mtu mmoja tu."

"Basi geuza karatasi."